Juisi ya Mabibo Siku ya Posa Yangu

Jamani, mimi ndiye yule. Yule mnayemsikia akisimuliwa pale stendi ya Kibiti, aliyewanywesha wakwe zake pombe siku walipokuja kumposa, ndiye mimi, Pili, wala simsingizii mtu. Zamani nikisikia watu wanaanza kuicheka hadithi hiyo nilikuwa najifunika mtandio na kupita njia ya nyuma, lakini sasa nimechoka kuzunguka, na isitoshe inayosimuliwa imetiwa chumvi nyingi mno (ati Baba Mdogo wangu aliinuka akacheza ngoma, hakucheza, alisinzia tu, tena kwa adabu). Basi kaeni niwape yenyewe, kutoka kwa mwenye aibu yake.

Kwanza mjue kazi yangu. Natengeneza kashata za korosho, na nisipojisifu mwenyewe sijui nani atanisifu: nakaanga korosho taratibu mpaka zipate rangi ya andazi, nayeyusha sukari kavu kavu mpaka iwe kama asali, natia iliki ya kutwanga na chumvi kidogo ya kubana kwa vidole viwili (hiyo chumvi ndiyo siri, haya, mmeshaijua), namwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, nasukuma kwa chupa, nakata ingali inaunguza vidole. Ukichelewa kidogo tu unakata mawe.

Na Seif nilimpata kwa kashata hizo hizo. Yeye ni muuza kahawa, anatembea na birika lake juu ya jiko la mkaa na vikombe anavigonganisha mkononi, na kila asubuhi alikuwa anapita nyumbani kwa Shangazi Tatu, ninakoishi, kuchukua kashata, maana kahawa chungu bila kashata wazee wa barazani hawakuelewi. Alikuja hivyo miaka miwili. Siku moja akasimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida yake, akasema, "Pili, hivi mimi nitachukulia kashata mlangoni mpaka lini?" Nikamwambia kama amechoka kutembea atafute mtu wa kumtuma. Akanitazama, akasema, "Wewe nawe mzito, nataka nikuoe." Ndivyo nilivyochumbiwa, msingojee mashairi.

Sasa hapo ndipo penye mzigo wenyewe. Mimi wazazi wangu wote wametangulia mbele ya haki, nimelelewa na Shangazi Tatu, na nilikuwa na miaka thelathini na moja, umri ambao kwetu huku watu wakikuuliza habari za nyumbani wanauliza kwa sauti ya kukupa pole. Seif naye baba yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na baba yake mkubwa, Mzee Mbonde wa Mahege, mzee mrefu, mkimya, anayeswalisha msikiti wa kijiji chao na hana mchezo na mtu. Na Mzee Mbonde hakunitaka. Alisema mwanamke amemzidi mtoto wake miaka miwili, tena ni mwanamke wa biashara, kutwa yuko barabarani na masinia. Seif akabembeleza miezi na miezi, mpaka mzee akakubali kuja, kwa shingo upande, akaone kwanza nyumba na watu wake, na barua ya posa aje nayo mfukoni, akiridhika ataitoa, asiporidhika atarudi nayo. Seif akaniambia wazi, "Pili, Baba Mkubwa akikataa sitamvuka. Ndiye aliyenilea." Nilinuna siku mbili, lakini nilimwelewa, maana na mimi nisingeweza kumvuka Shangazi.

Kwa hiyo ilikuwa siku moja, mzee mmoja, na mimi nina sinia la kashata. Ndicho nilichokuwa nacho duniani cha kumuonyesha.

Shangazi akasema hakuna la kuwaza, kashata na kahawa, basi. Mimi nikakataa. Nikasema hawa watu kahawa kwao ni kazi, baba yake Seif aliuza kahawa, Seif anauza kahawa, wakija kwangu niwape kahawa tena si kama kumkaribisha mvuvi kwa dagaa? Nilitaka mzee aweke kashata mdomoni, ashushie na kitu ambacho hajawahi kukifikiria, ashtuke, aseme kumbe huyu mwanamke ana akili. (Kushtuka alishtuka. Tutafika.)

Basi bwana, nikaanza kujaribu. Kashata tamu na ina mafuta ya korosho, kwa hiyo inataka mwenzake wa kuikata, kama kahawa inavyoikata kwa uchungu. Nikajaribu maziwa ya mgando, ulimi ukalala. Nikajaribu ukwaju, ukwaju ukawa mzuri sana lakini nikakumbuka kila mtu ana ukwaju. Nikajaribu chai ya mchaichai, ikanikumbusha nilipokuwa naumwa malaria. Nikajaribu ndimu na pilipili manga, Shangazi akakohoa mpaka jirani akaja kumpigapiga mgongoni, na alipopata pumzi neno lake la kwanza likawa, "Pili, kashata ina mume wake, anaitosha, kwa nini unataka kuiachisha?"

Ningemsikiliza ningekuwa sina mkasa leo.

Halafu siku moja niko Mchukwi, kwenye mikorosho ya Shangazi, msimu umechanganya, tunaokota korosho, na mabibo yamelala chini mekundu na ya njano mpaka nyuki wanalewa. Mnajua huku kwetu tunanyonyoa korosho, bibo tunalitupa. Mimi nikang'ata bibo moja kwa kiu, na mfukoni nilikuwa na kipande cha kashata, nikakitia mdomoni juu yake. Wallahi nilisimama. Ule ukakasi wa bibo, ule unaobana ulimi, ukaikata sukari, na mafuta ya korosho yakaulainisha ukakasi, harufu ya bibo ikapanda puani, nikaona kabisa kwamba hivi vitu vilizaliwa tawi moja, tunda na korosho yake, sisi ndio tuliovitenganisha. Nikacheka peke yangu mle shambani kama chizi. Nikasema Mzee Mbonde nimempata.

Wageni walikuwa waje Ijumaa baada ya swala. Alhamisi asubuhi nikakamua mabibo ndoo nzima, nikachuja kwa kitambaa mara tatu. Hapa sasa sikilizeni, maana uamuzi wenyewe mdogo uko hapa. Kila mtoto wa huku anajua maji ya mabibo hayakai. Ukiyaacha yanageuka uraka, pombe kamili, kuna watu wanayaacha makusudi. Najua. Kwa hiyo nikayabandika jikoni niyachemshe yasigeuke. Lakini yalipoanza kutoa mvuke nikaonja, nikaona ile harufu nzuri inakimbia, roho ikaniuma, nikaipua yakiwa vuguvugu tu. Nikatia sukari. Nikatia na tangawizi nyingi, nikijiambia tangawizi itayalinda. Nikajaza kwenye chupa za soda, nikakaza vifuniko kwa nguvu zangu zote, nikapanga kwenye friji. Nimekuja kuambiwa baadaye na wanaojua kazi hiyo kwamba ukitaka uraka mkali upesi, hivyo ndivyo unavyofanya, joto kidogo, sukari, na kifuniko.

Ijumaa asubuhi Seif akapiga simu, gari waliyoahidiwa imeharibika, wanakuja Jumapili. Na mchana huo huo umeme ukakatika, ukarudi Jumapili jioni, tumeshaaibika. Hapo mtu mwenye akili angemwaga. Mimi nikazitumbukiza chupa kwenye beseni la maji, nikazifunika gunia bichi, maana nilikuwa nimeshamwambia Seif kuna kitu nimeandaa ambacho baba yake mkubwa hatakisahau (nacho kinywa changu hiki), na Shangazi nilimficha kabisa, anajua tuna kahawa. Jumamosi nikafungua chupa moja nionje. Ikalia psss. Nikaonja, ikanichonyota ulimi, kooni ikapita na ujoto mzuri. Nikasema, mh, tangawizi imekolea. Nikaonja tena kuhakikisha. Nikaonja mchana, nikaonja na alasiri, na ile alasiri nikawa na furaha sana, nikawa naimba huku nafagia uwanja, Shangazi akasema jamani mapenzi. Mimi pombe sijawahi kuonja tangu nizaliwe, ningeijuaje?

Jumapili saa tisa wakafika. Mzee Mbonde mbele, kanzu nyeupe inayoumiza macho, kofia iliyoshonwa kwa mkono, na mkewe Bi Somoe, mama mnene mwenye macho ya kuona kila kitu, na wadogo zake mzee wawili, na vijana wawili wa ukoo waliokuja kwa ajili ya kupanda gari. Upande wetu aliyepokea ni Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba, mtu wa watu, anayecheka kabla hajaambiwa. Mimi, kama ilivyo desturi, sikutakiwa kuonekana. Nikakaa nyuma ya pazia la chumbani na Shangazi, nimeacha upenyo wa jicho moja.

Salamu zikapita vizuri. Mzee Mbonde akatazama paa, akatazama kuta, akatazama mkeka, nikamwona anatikisa kichwa kidogo, si vibaya. Akatoa bahasha mfukoni akaiweka juu ya goti, hakuikabidhi bado. Kashata zikapita, akachukua moja, akatafuna polepole upande mmoja wa mdomo. Shangazi akageuka kuchukua birika la kahawa, mimi nikamshika mkono, nikamnong'oneza, "Ngoja." Nikampenyezea Baba Mdogo chupa nne kwa chini ya pazia. Shangazi akanitolea macho. "Nini hiyo?" Nikamwambia juisi. "Juisi ya nini?" Baba Mdogo alikuwa ameshaanza kufungua.

Loo!

Sijapata kusikia chupa ya soda inalia vile. Kifuniko kilikwenda kugonga bati, na povu likatoka kama bomba la maji lililopasuka, likampata Mzee Mbonde kifuani, likashuka mpaka mapajani, bahasha na kanzu yote. Na nyinyi mnajua doa la bibo, hata ukifulia nini halitoki, linakaa mpaka nguo inachakaa. Vijana wakaziba midomo. Baba Mdogo akacheka, "Ina nguvu hii! Kama soda ya kiwandani!" na Mzee Mbonde, Mungu amlipe, akasema, "Si neno," akaanza kujifuta kwa leso ya mkewe huku wenzake wanamiminiwa.

Wakanywa. Mdogo wake mmoja akasema ina ladha. Mwingine akasema na kashata inakwenda sana hii, tena ajabu (nikambana Shangazi kwa kiwiko, unasikia?). Baba Mdogo kwa kuonyesha ukarimu akawa amemaliza glasi ya pili na anajimiminia ya tatu. Mzee Mbonde alikuwa wa mwisho, kwa sababu ya kujifuta. Akasema bismillahi, akapiga funda moja, akalikalisha mdomoni. Nikamwona uso unabadilika. Akalirudisha kwenye glasi, akaiweka chini mbali naye, akasema kwa ile sauti yake nzito ya kuswalisha:

"Astaghfirullah. Huu ni uraka."



Angeishia hapo, jamani, angeishia hapo aibu ingekuwa yangu peke yangu. Lakini alikuwa amekasirika, na mtu akikasirika ulimi unatangulia. Akaongeza, "Tena wa siku tatu. Na umetiwa sukari ukiwa wa moto."

Mkewe Bi Somoe akamgeukia polepole. "Mume wangu," akasema, "wa siku tatu umejuaje?"

Kwenye upenyo wangu nilimwona Mzee Mbonde akianza tena kujifuta kanzu kwa leso. Wadogo zake wakatazama mkeka. Kijana mmoja kicheko kikamponyoka kupitia puani, mwenzake akatoka nje mbio kabisa, nikamsikia huko uani anakohoa kicheko. Na Baba Mdogo wangu, ambaye kwa wakati huo macho yalikuwa yameshalegea, akaona ndiyo nafasi ya kuokoa jahazi, akasema kwa furaha, "Ah, mzee mwenzangu ana ulimi hasa! Mtaalamu!" Kisha akaegemea ukuta, akasinzia.

Mzee Mbonde akainuka. Hakupaza sauti, hakutukana. Akachukua bahasha yake iliyolowa, akaitia mfukoni, akatafuta viatu vyake kwa miguu, hakuvipata, akainama akavitafuta kwa mkono. Wenzake wakamfuata. Bi Somoe alikuwa wa mwisho, akatazama pazia kana kwamba ananiona, akasema, "Kashata nzuri, mwanangu," akatoka.

Shangazi hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Alikaa kitandani, akasema, "Pili, na kahawa nimeshaichemsha," machozi yakamtoka, na mimi nikalia naye mpaka magharibi, nikalia kwa aibu, nikalia kwa Seif, nikalia kwa ule ujinga wa kuonja mara nne nisijue nilichoonja.

Jioni Seif akapiga. "Pili, umempa Baba Mkubwa nini?"

"Juisi. Iligeuka. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Nimemwambia hukujua. Anasema posa hakuna."

"Kwa sababu ya pombe?"

"Hasemi kwa sababu ya nini. Amejifungia ndani, hataki kusema na mtu."

Siku zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka. Wale vijana wawili walikuwa wameshafanya kazi yao. Habari ilitangulia mpaka Ikwiriri. Wazee wa barazani wakawa wanazinusa kashata zangu kabla ya kutia mdomoni. Vijana wa bodaboda wakiniona, "Dada Pili, ile ya posa ipo?" Hayo nikayavumilia, nilijitakia. Lakini Seif alipokuja Alhamisi na kuniambia kwamba kule Mahege watu wameshampa baba yake mkubwa jina, wanamwita Mtaalamu, mpaka watoto wa madrasa, na kwamba mzee tangu Jumapili anaswali chumbani, msikitini hajaonekana, hapo ndipo iliponiuma kuliko yote. Mimi nilidhani nimejiharibia mimi. Kumbe nilimvua mtu mzima nguo mbele ya mke wake.

Nikamwambia Shangazi nakwenda Mahege kuomba radhi.

"Tangu lini," akasema, "mwanamke akafunga safari kwenda kwa watu ambao hawajamuoa, tena wamemkataa?"

"Tangu kesho."

"Utatuzidishia aibu."

"Imebaki ipi, Shangazi?"

Akanitazama, na kesho yake asubuhi akachukua baibui lake. Nikapita dukani kununua kanzu mpya nyeupe ya kumpa mzee badala ya ile niliyoiharibu, na njia nzima nyuma ya pikipiki nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nimepata mpango, tena niliuona wa kiungwana: nitasema mbele yao wote kwamba siku ile, kabla mzee hajanywa, mimi mwenyewe nilimtumia ujumbe kwa siri kumwonya kuwa juisi imeharibika na ina siku tatu, ndiyo maana akajua. Nimbebee mimi. Uongo mdogo, mtu apumue.

Tukawakuta wamekaa barazani, Mzee Mbonde, Bi Somoe, na wale wadogo zake wawili, wanabangua korosho. Mzee aliponiona hakuinuka wala hakunifukuza. Bi Somoe akasogeza mkeka. Nikapiga magoti, nikawashika mikono mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, marahaba mwanangu, mzee akaitikia kwa mbali. Nikaanza. Nikasema nimekuja kuomba radhi kwa nilichowapa, nikasema sikujua, nikaeleza mpaka tangawizi, mpaka nilivyoonja Jumamosi kutwa. Kisha nikasema, "Na kuna jambo moja wazee wangu hamlijui. Siku ile Mzee Mbonde alijua kwa sababu mimi nilikuwa nimeshamtumia..."

"Binti," mzee akanikata. Ukiacha ile marahaba, ndiyo mara ya kwanza kuniambia neno maishani. "Usiongeze uongo juu ya pombe."

Nilitamani mkeka unifunike.

Akaweka chini korosho aliyokuwa ameishika. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, hakumtazama yeyote, "Nilipokuwa kijana nilikwenda kusini, vibarua vya korosho. Nikakaa misimu mitatu. Kule tulikuwa tunakunywa uraka asubuhi kama uji, na mchana, na nilikuwa natengeneza mwenyewe, watu wanatoka mbali kufuata wangu. Nililala njiani mimi. Niliokotwa. Nikarudi nyumbani, nikatubu kwa Mola wangu, sikugusa tena mpaka Jumapili ile. Na sikumwambia mtu. Nilimwoa huyu sikumwambia, miaka arobaini."

"Arobaini na miwili," Bi Somoe akasema taratibu.

"Na miwili. Wakanisimamisha mbele kuswalisha, sikuwaambia. Na lile funda lilipoingia mdomoni, huo mdomo haukuwa umesahau kitu, umri wote huu. Ndilo lililonitoa pale. Si wewe." Akanigeukia sasa, macho mekundu. "Nilikuja kwenu nikitafuta aibu yako, binti, nimeikuta yangu."

Nikaanza kulia, basi, siwezi hata kuwaficha, nililia na makamasi. Mdogo wake mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, ungetuambia tu, si tungejua umetubu." Mzee akasema maneno ambayo mimi nitazikwa nayo:

"Mimi nimeonja funda moja nikajua. Huyu ameonja Jumamosi kutwa nzima, asijue. Hebu niambieni, kati yetu sisi wawili, nani wa kumchunguza mwenzake?"

Bi Somoe akaweka mkono wake juu ya mguu wa mumewe, pale pale mbele za watu, jambo ambalo nadhani hata wenyewe hawakuwahi kulifanya, na hakuuondoa.

"Tatu," mzee akamwambia Shangazi, "Ijumaa ijayo tutakuja. Barua nitaandika nyingine, ile imenata."

Shangazi akapiga kigelegele palepale, akiwa amekaa, akasahau kabisa kwamba tulikuja kuomba msamaha. Nikatoa ile kanzu kukatiza machozi, wakamlazimisha mzee aivae, akaivaa, ikamfikia kwenye magoti (yule mwenye duka aliniambia inamtosha mtu yeyote), mikono imeishia juu ya viwiko, akasimama pale mrefu na uzito wake wote, na kwa mara ya kwanza nikamsikia Mzee Mbonde anacheka. Akasema ataivalia shambani.

Ijumaa walikuja, na kabla ya kuja kwetu Mzee Mbonde alipita msikitini kwake. Seif alikuwepo, ndiye aliyenisimulia: alisimama baada ya swala akawaambia waumini yale yale aliyotuambia barazani, akasema kama wanataka mtu mwingine wa kuwaswalisha yeye atasimama safu ya nyuma bila kinyongo. Wakamrudisha mbele. Wapo wanaomwita Mtaalamu mpaka leo, na yeye anaitika, na ukiitikiwa hivyo mzaha hauna utamu tena.

Mimi na Seif tumefunga ndoa, alhamdulillahi. Na nimeapa, juisi ya mabibo sitakamua tena maisha yangu, na siku nikitaka kumfurahisha mtu nitaanza kwa kumuuliza anapenda nini, kabla sijajiona mjanja. Nilianza na Mzee Mbonde mwenyewe. Mwezi wa kwanza wa ndoa nilikwenda Mahege kuwasalimia, nikakaa karibu naye, nikamuuliza, "Baba, kashata zangu unapenda kuzila na nini?"

"Mwanangu," akasema, "kashata sipendi. Zinaniuma jino."